Kamera isiyo na kioo na pesa yetu ya bumu

Najua nimepotea. Wiki mbili zilizopita zilikuwa za majaribio, na juu yake nilikuwa na maandalio ya somo ya kukabidhi, mpaka usiku naota niko mbele ya ubao na chaki imekatika. Haya, nimerudi. Leo sina habari za foleni ya kafeteria wala za maji kukatika bwenini. Leo nataka tuongee kuhusu kamera, na ukivumilia mpaka mwisho utaona kwamba naongea pia kuhusu chakula changu cha muhula huu.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi na mshikaji wangu wa chumba tunapiga picha. Mahafali, sendoff, kipaimara, bethidei za hosteli, hata za paspoti tukibanwa. Mtaji wetu ni Canon 600D moja tuliyoinunua mtumba pale Kariakoo tukiwa mwaka wa kwanza, lenzi yake ya 18-55, na ile ndogo ya milimita 50 ambayo ndiyo inayotupa sifa zote tulizo nazo. Hiyo ndiyo kampuni. Ofisi iko chini ya kitanda.

Jumamosi iliyopita tuliitwa kuonana na kamati ya sendoff. Tukavaa mashati, tukabeba albamu. Tukamwamkia mama mwenyekiti, akaitikia vizuri, akatukaribisha soda. Halafu akauliza: "Wanangu, kamera yenu ni hizi mpya zisizo na kioo?" Nikamwambia, "Mama, kamera yetu inapiga vizuri tu, tumekuja na picha uzione." Albamu haikufunguliwa. Akasema bibi harusi anataka watu wenye kamera za kisasa, ameshaona mtandaoni. Tukamaliza soda, tukashukuru, tukapanda daladala. Njia nzima kimya.

Tulipofika chumbani mshikaji akasema: "Ticha, hili lidude tuliuze. Bumu likiingia tuchangie, tuchukue isiyo na kioo." Nikamwambia haiwezekani. Yeye yuko tayari kuweka bumu lake lote. Mimi sehemu ya la kwangu inakwenda kwa mdogo wangu aliye kidato cha tano, na inayobaki ndiyo wali maharage. Tukabishana mpaka taa zikazimwa. Mwisho akaniambia neno ambalo limenichoma mpaka leo: "Wewe unaogopa kama Nikon."

Kama Nikon? Basi tangu siku hiyo nimesoma habari za kampuni za kamera kuliko nilivyosoma saikolojia ya elimu. Na nimefika mahali nina maoni yangu. Nayaweka hapa, nanyi mtanikosoa.

Tuanze na hicho kioo chenyewe, maana nina wasiwasi hata mama mwenyekiti hakujua anaulizia nini. Sisemi kile cha nyuma unachotazamia picha. Hicho hata 600D yetu inacho. Nasema kioo kidogo kilichoko ndani, nyuma ya lenzi, kilichoinamishwa mshazari. Kwenye kamera kama yetu, zile zinazoitwa DSLR, mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kile kioo, unarushwa juu, unapinda, halafu ndiyo unafika kwenye jicho lako pale unapochungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, pazia linafunguka, mwanga unapita moja kwa moja mpaka kwenye sensa, yaani ile sahani ndogo inayogeuza mwanga kuwa picha. Kisha kioo kinarudi chini. Ile "kacha!" mnayoisikia ndiyo hiyo. Mwaka jana kwenye harusi moja mchungaji alisimamisha sala kwa ajili ya hiyo "kacha" yetu, akanitazama, nikatamani ardhi inimeze.

Kamera isiyo na kioo imekitoa kabisa. Mwanga unakwenda kwenye sensa muda wote, na unapochungulia unaona kitelevisheni kidogo kinachokuonyesha kile sensa inachokiona. Faida yake ni kwamba unaiona picha itakavyokuwa kabla hujabonyeza: kama itakuwa giza, unaliona giza. Na kwa kuwa sensa iko kazini muda wote, inaweza kulitambua jicho la mtu na kulifuata hata akicheza kwaito. Nyingi zinaweza kupiga kimya kabisa. Hasara yake ni kula betri, na sisi tunaokaa huku umeme unapochukua likizo tunajua hilo lina maana gani.

Sasa kitu kimoja cha kiufundi, mnivumilie, maana hoja yangu yote imekalia hapo. Kila kamera ya kubadilisha lenzi ina mdomo, pale unapoizungushia lenzi ikalia "tik". Kila kampuni ina mdomo wake, na lenzi ya huyu haikai kwa yule. Ukishanunua lenzi tatu nne, hata kama kampuni jirani imetoa kamera nzuri zaidi, unahamaje? Utauza vyote? Kwa hiyo mwenye kamera huwa amefungwa na lenzi zake. Nikon walianza na mdomo wao mwaka 1959 na wakaushikilia miaka mingi. Canon walitoa mdomo wao wa EF mwaka 1987. Mamilioni ya watu duniani, pamoja na wanafunzi wawili wenye ofisi chini ya kitanda, wako ndani ya midomo hiyo.

Huo ulikuwa utajiri wa Canon na Nikon. Na mimi naamini ndio huo huo uliowachelewesha.

Kamera ya kwanza ya kubadilisha lenzi ya mtindo huu mpya ilikuwa Panasonic Lumix G1, mwaka 2008. Mwaka uliofuata Olympus wakatoa E-P1. Ukiangalia vizuri, waliotangulia si wakubwa. Ni watu ambao kwenye soko la DSLR walikuwa wanaokota makombo. Sony naye alikuwa mgeni: aliingia kwenye kamera hizi za lenzi mwaka 2006 kwa kununua shughuli za Konica Minolta waliokuwa wanafunga. Alijaribu DSLR, akakuta viti vya mbele vimekaliwa. Mwaka 2010 akatoa NEX, vikamera vyembamba, watu wakaona ni vitu vya kuchezea. Mwaka 2013 akatoa A7, yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya zamani, ndani ya kamera ndogo. Hapo watu wakaacha kucheka.

Wakubwa walikuwa wanafanya nini? Walijibu, lakini tazama walivyojibu. Nikon mwaka 2011 walitoa Nikon 1. Fokasi yake ilikuwa ya haraka sana kwa wakati ule, lakini sensa ilikuwa ndogo, ndogo kuliko za DSLR zao zote. Canon mwaka 2012 wakatoa EOS M: sensa nzuri, ukubwa kama wa 600D yetu, lakini haina pa kuchungulia, na fokasi yake ilikuwa ya pole pole mpaka wanunuzi wakalalamika. Mimi sikukaa kwenye vikao vyao, lakini kwa akili yangu ya mwaka wa tatu hii haikuwa bahati mbaya. Kampuni iliyotengeneza 5D Mark II mwaka 2008 haikushindwa kutengeneza kamera bora isiyo na kioo. Iliogopa. Kamera mpya ikiwa nzuri mno, nani atanunua ile ya zamani inayoleta pesa? Kwa hiyo wakatengeneza mtoto wakahakikisha hamzidi kaka yake urefu.

Tatizo ni kwamba usipojishindanisha mwenyewe, jirani atakushindanisha. Mwaka 2017 Sony akatoa A9, inapiga picha 20 kwa sekunde bila ule mweusi unaokatiza macho kila kioo kinaporuka. Wapigapicha wa mpira, ambao ndio walikuwa ngome ya Canon na Nikon, wakaanza kugeuza shingo. Agosti 2018 Nikon wakatangaza Z6 na Z7. Septemba 2018 Canon wakatangaza EOS R. Mwezi huo huo Leica, Panasonic na Sigma wakatangaza kuungana na kutumia mdomo mmoja. Hesabu: kutoka 2008 mpaka 2018 ni miaka kumi. Miaka kumi wadau! Mtoto anaanza darasa la kwanza mpaka anafika sekondari.

Mwaka 2020, kwa hesabu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, kamera zisizo na kioo zilizosafirishwa kutoka viwandani zikazipita DSLR kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo zikatoka Canon 1D X Mark III na Nikon D6, na mwishoni mwa 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, akaliambia gazeti moja la Japani kwamba ile 1D X Mark III ndiyo DSLR yao ya mwisho ya daraja la juu. Nikon nao mwaka 2021 wakatoa Z9, wakaondoa si kioo tu, hata lile pazia la kufunguka na kufunga wakalitupa. Kila kitu kinafanywa na sensa yenyewe. Mtu aliyekuwa muoga kuliko wote akaruka mbali kuliko wote. Mshikaji, hii nimekuwekea wewe. Kuogopa kama Nikon kumbe si mwisho wa safari.

Lakini sasa niseme upande wa pili, maana ningeishia hapo ningekuwa nimekubali kuuza kamera.

Ni rahisi kuwacheka wakubwa kwa kuchelewa. Tunasema hawakuona mbali. Jiulize lakini: wangekurupuka mwaka 2009 wakasema mdomo wa zamani basi, wale mamilioni wenye lenzi wangefanyaje? Canon wana historia hapo. Mwaka 1987 walipoleta EF, wenye lenzi za zamani za FD waliachwa kwenye mataa, lenzi zao hazikukaa kwenye kamera mpya. Kuna walionuna na hawakurudi. Kibiashara Canon walishinda, maana mdomo mpya ndio uliowapa fokasi ya mota ndani ya lenzi na wakawapita wengine. Lakini gharama ililipwa na mteja.

Mwaka 2018 hawakurudia kosa hilo. Hapa kile kioo kinarudi kwenye hadithi. Kioo kilihitaji nafasi ya kurukia. Kwenye Nikon za zamani, kutoka mdomoni mpaka kwenye sensa ni milimita 46.5. Kwenye Nikon Z ni 16 tu. Kwenye Canon ilikuwa 44, sasa ni 20. Ukishaondoa kioo unabaki na nafasi, na kwenye nafasi hiyo unaweza kuweka adapta, kipande cha bomba kinachokaa katikati ya lenzi ya zamani na kamera mpya. Canon wakatoa kamera mpya pamoja na adapta yake, na lenzi za EF zikafanya kazi kama vile zilizaliwa pale, fokasi na kila kitu. Mtu mwenye lenzi za miaka ishirini akavuka mto bila kulowana.

Nikon nao wakatoa adapta, lakini daraja lao lilikosa mbao kadhaa. Lenzi zenye mota ndani zilivuka salama. Zile za AF-D, ambazo zilitegemea mota iliyoko ndani ya kamera, zilipoteza fokasi ya kujiendesha, ukazungushe kwa mkono. Na kwa mitumba, lenzi za namna hiyo ndizo mtu wa hali yangu anazozipata.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: vita hii haikuamuliwa na nani aliondoa kioo kwanza. Ingekuwa hivyo, Panasonic na Olympus ndio wangekuwa wafalme, na sote tunajua Olympus ilivyokwisha: Juni 2020 walitangaza kuuza kitengo cha kamera, na tangu 2021 kinaendeshwa na kampuni nyingine kwa jina la OM. Kilichoamua ni vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, kukubali kuiumiza biashara yako ya zamani kabla hujaumizwa. Pili, kuwajengea daraja waliokuamini. Mwenye la kwanza bila la pili anakimbia peke yake. Mwenye la pili bila la kwanza anakaa na daraja lisilokwenda popote.

Sisi wa elimu hili tumefundishwa toka mwaka wa kwanza, ila kwa maneno mengine. Mpeleke mwanafunzi kutoka anachokijua kwenda asichokijua. Ukianza na asichokijua umempoteza, ukibaki na anachokijua hujamfundisha. Na wote tunawajua waalimu wanaosomesha kwa madesa yaliyogeuka rangi ya chai, na tunawajua pia wale walioletewa projekta wakatupa ubao, umeme ukikatika somo limeisha. Kumbe hata Tokyo wana ugonjwa huo.

Ila kuna kitu kimenikera na siwezi kukiacha. Madaraja haya hayakujengwa kwa watu wote. Waliojengewa ni wenye lenzi ghali. Wale walionunua EOS M, kamera ndogo za bei ya chini ambazo watu wengi walianzia, Canon iliufunga mstari wao mzima mwaka 2023, na lenzi zao haziwezi kukaa kwenye mdomo mpya wa RF. Nafasi haitoshi: mdomo ule ulikuwa na milimita 18, huu una 20, hakuna pa kuweka adapta. Walionunua Nikon 1 wakaachwa mwaka 2018. Walionunua Samsung ndio usiseme: NX1 ya mwaka 2014 ilisifiwa sana, halafu Samsung wakaondoka kwenye biashara hiyo moja kwa moja, wateja wakabaki na lenzi zisizo na mwenyewe. Mdogo ndiye anayetupwa kwanza. Mwenye lenzi ya milioni kumi anapigiwa simu, mwenye ya laki mbili anasoma habari kama mimi na wewe.

Na kuna suala la mlango. Sony mwaka 2011 walifungua maelezo ya msingi ya mdomo wao bila malipo, kampuni nyingine zikaruhusiwa kutengeneza lenzi za kukaa pale. Matokeo yake ukiingia Sony leo kuna lenzi za Sigma, za Tamron, na za Wachina za bei poa. Canon walifanya kinyume. Mdomo wa RF waliubana, na mwaka 2022 Viltrox, kampuni ya Kichina, ikaacha kuuza lenzi zake za fokasi ya kujiendesha za RF. Mpaka Aprili 2024 ndiyo Sigma na Tamron wakatangaza lenzi za RF kwa leseni, tena zikianzia kwenye zile za sensa ndogo. Hapa kwa kweli siwaungi mkono Canon, ingawa ndio wenye mdomo wangu. Daraja la kuingilia umenijengea vizuri, halafu nikishaingia unaniambia duka ni moja tu?

Mtaniuliza, sasa hawa wote wanagombania nini wakati kila mtu ana simu? Swali zuri, na ndiyo sababu vita ni kali. Mwaka 2010 kampuni hizi zilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 zilikuwa kama milioni 7.7 tu. Mwaka 2024 zikapanda kidogo, kama milioni 8.5. Ule mlima mzima ulikuwa vikamera vidogo vya mfukoni, na simu imevimeza. Waliobaki wanagombania mtu ambaye simu haimtoshi: mpigapicha wa harusi, wa mpira, wa video. Ndiyo maana Nikon mwaka 2024 walinunua RED, watengenezaji wa kamera za sinema wa Marekani. Ndiyo maana Fujifilm, ambao filamu ilipokufa walihamia mpaka kwenye vipodozi, wanauza X100VI ya mwaka 2024 yenye sura ya kamera ya babu, na watu walipanga foleni kuisubiri. Hata uadui wao si wa moja kwa moja: sensa nyingi zilizomo ndani ya kamera za Nikon zimetengenezwa na kiwanda cha Sony. Wanapigana mchana, usiku wanauziana unga.

Haya, turudi chini ya kitanda.

Baada ya kusoma yote hayo nimemwita mshikaji jana usiku, nikamwambia una haki nusu. Una haki kwamba naogopa. Nilikuwa nasema "kamera yetu inapiga vizuri tu" kwa sauti ile ile ya mtu anayetetea madesa yake. Kamera yetu inapiga vizuri, ndiyo, na picha ya mama aliyelia kwenye mahafali ya mwaka jana haikuuliza kama ndani kuna kioo. Lakini Canon na Nikon hawajatoa DSLR mpya tangu 2020, na kamati zitazidi kuuliza. Tukisubiri mpaka 600D ife, tutakuwa tumesubiri miaka kumi kama wao, na sisi hatuna hazina ya kutubeba.

Lakini nusu nyingine huna haki. Huwezi kuvuka kwa kuchoma ulichonacho. Bumu silitoi, na lako pia usilitoe lote, utakula nini? Na lenzi haziuzwi. Ile 50 ndiyo mtaji, kamera ni kofia tu. Nikamwekea mpango mezani: tupige mahafali ya Novemba yote kwa 600D, tena tushushe bei kwa wanaotudharau. Kila hela inayoingia, theluthi moja kwenye kibubu. Baada ya hapo tuuze 600D bila lenzi, tuongeze ya kibubu, tutafute mtumba wa R10 au nyingine ya mdomo wa RF yenye sensa ya ukubwa ule ule, pamoja na adapta. Siku ya kwanza ya kamera mpya tutakuwa na lenzi zile zile mbili, na hakuna mtu aliyelala njaa.

Akakaa kimya kidogo. Akauliza, "Na kamati zikitukataa mpaka Novemba?" Nikamwambia tutapiga paspoti. Akacheka. Hajakubali kabisa, lakini leo asubuhi nimekuta kopo la maziwa limetobolewa juu, liko kwenye dirisha, ndani kuna elfu tano. Sijaiweka mimi.

Kwa hiyo wadau, ushauri wangu kwa mnaotaka kuanza: usinunue kamera, nunua mdomo. Kabla ya kutoa hela uliza lenzi ngapi za bei yako zinakaa pale, uliza nani mwingine anaruhusiwa kutengeneza, na uliza hiyo kampuni iliwafanyia nini wateja wake wadogo mara ya mwisho ilipobadilika. Muuzaji atakuambia megapikseli. Muulize mdomo.

Na ninyi mnaosema DSLR imekufa, sawa, imekufa kiwandani. Mkononi mwangu bado inalia "kacha", na Jumamosi hii inakwenda kipaimara. Mchungaji mwingine, nimeshamwomba radhi mapema.

Mnasemaje? Nimekosea kukataa bumu, au mshikaji ndiye mwenye akili? Mje chumbani mtuamue, ila njooni na chai yenu. Tuko pamoja.